Mhindi, Mhindu na herufi moja

Sisi watu wa pwani tunawajua Wahindi kwa majina yao. Yuko Baniani, ambaye ni Mhindu, yuko Kalasinga wa dini ya Sikh, yuko Bohora na yuko Khoja, Waislamu hao, yuko Mgoa, Mkristo. Wote ni Wahindi, na kila mmoja tunajua anaabudu wapi na duka lake hufungwa siku gani. Kati ya Mhindi na Mhindu Kiswahili kimeweka herufi moja tu: neno la kwanza lataja kwao mtu, la pili lataja dini yake. Watangazaji wa redio huyachanganya kila wiki, nami huwasahihisha peke yangu jikoni, kijiko mkononi. Tangu Desemba 2019 naona Bunge la India nalo limeyachanganya, na wale ulimi haukuwateleza.

Nasema juu ya ile sheria ya kurekebisha uraia, maarufu kwa kifupi chake, CAA. Baraza la chini liliipitisha kwa kura 311 dhidi ya 80, na tarehe 12 Desemba 2019 rais akatia sahihi. Inasema hivi: ikiwa wewe ni Mhindu, Kalasinga, Mbudha, Mjaini, Mparsi au Mkristo, umetoka Pakistan, Bangladesh au Afghanistan, na uliingia India kabla ya mwaka 2014 kwisha, basi huhesabiwi tena kuwa mhamiaji haramu, hata kama uliingia bila karatasi yoyote. Miaka ya kuishi nchini kabla ya kuomba uraia imeshushwa kutoka 11 hadi 5. Kanuni za kuitekeleza zilikaa kabatini zaidi ya miaka minne, zikatoka Machi 2024, wiki chache kabla ya uchaguzi mkuu. Mwislamu hakutajwa, na katika orodha ndefu namna ile, asiyetajwa ndiye anayeonekana kuliko wote.

Kabla sijaendelea, niwape haki yao watu ambao wapinzani wa sheria hii huwaruka haraka haraka. Kaskazini ya Delhi, karibu na mto Yamuna, iko sehemu iitwayo Majnu ka Tilla. Hapo wanaishi Wahindu waliokimbia jimbo la Sindh, Pakistan, ndani ya vibanda vya mabati na maturubai, miaka na miaka. Waliingia kwa viza ya kuhiji, wakakataa kurudi. Kisa cha msichana wa Kihindu anayechukuliwa kwao Sindh, akasilimishwa kwa nguvu na kuozwa, si uzushi wa wanasiasa wa Delhi. Mimi Mwislamu nalisema bila kumumunya maneno, maana kulificha ni dhambi juu ya dhambi. Watu hao walistahili uraia zamani. Na hawakuwa wengi wa kuishinda nchi ya watu zaidi ya bilioni moja: kamati ya Bunge iliyochambua mswada iliambiwa na idara ya ujasusi kwamba watakaofaidika moja kwa moja ni 31,313, na 25,447 kati yao ni Wahindu.

Sheria hii nilibishana kwa kina na mtu mmoja tu, mzee wa Kibaniani anayeuza leso Mtaa wa Biashara hapa Mombasa. Nilikwenda kutafuta kisutu cha harusi ya mpwa wangu. Alikuwa na simu yake mezani, habari za Delhi zinapita kwa Kihindi. Nikamuuliza anaonaje.

"Mama, Mwislamu ana nchi zaidi ya hamsini," akasema, huku akiinyoosha leso kwa kiganja kama anayepiga pasi. "Mhindu akifukuzwa aende wapi?"

Hoja hiyo si nyepesi. Nimeisikia kwa watu wengi na sijawahi kuicheka. Lakini ina tundu, na tundu lenyewe liko Pakistan palepale. Jumuiya ya Ahmadiyya, wale tunaowaita Makadiani (jina ambalo huku kwetu hatulitamki kwa mapenzi, tukubali), mwaka 1974 katiba ya Pakistan ilirekebishwa ikawatoa kwenye Uislamu, na mwaka 1984 ikatoka amri ya kumfunga Ahmadi anayejiita Mwislamu au kuuita msikiti wake msikiti. Wahazara wa Kishia wamelipuliwa Kabul, wamelipuliwa Quetta. Hawa wanateswa kwa dini yao hasa, katika nchi zilezile tatu zilizotajwa. Huyu Ahmadi nchi zake hamsini ni zipi?

Mzee akasema hao ni mambo ya Waislamu wenyewe kwa wenyewe. Haya. Nikamtajia Watamili wa Sri Lanka: wengi wao ni Wahindu kama yeye, walikimbia vita, na maelfu kwa maelfu wamo makambini Tamil Nadu, kusini ya India, tangu miaka ya 1980. Nao hawamo, kwa sababu Sri Lanka haimo. Hapo alinyamaza kidogo, akaniuliza kama nataka kisutu chenye wino mweusi zaidi.

Mtu akikuambia sheria hii ni ya huruma kwa wanaoteswa, mwambie aisome. Ndani ya vifungu vyake neno mateso ya kidini halimo. Limeachwa kwenye maelezo ya sababu za mswada. Mwombaji haulizwi alifanywa nini. Anaulizwa ni wa dini gani, ametoka wapi, aliingia lini. Na dini inathibitishwaje? Kanuni za 2024 zinataka barua kutoka taasisi ya jamii inayoheshimika mahali anapoishi, iseme kwamba huyu ni Mhindu, ni Mjaini, ni Mparsi. Yaani padri au pandita wa mtaa amekuwa karani wa uhamiaji. Huku Katiba ya India, ibara ya 14, inaahidi usawa mbele ya sheria kwa mtu yeyote aliyemo nchini. Imesema mtu, haikusema raia. Mashauri zaidi ya 200 yalifunguliwa Mahakama ya Upeo kwa hoja hiyo.

Barua ya namna hiyo naijua harufu yake. Nilipomaliza kidato cha nne nilikwenda kuomba kitambulisho, kipande tunavyosema, katika ofisi ambayo sitaitaja. Mwenzangu tuliyekaa dawati moja miaka minne alipeleka cheti cha kuzaliwa na nakala za vitambulisho vya wazazi, baada ya wiki kadhaa akaitwa kuchukua chake. Mimi, kwa jina langu na buibui langu, nikaambiwa nisubiri kupigwa msasa. Nikakalishwa kwenye benchi mbele ya wazee watano na afisa mmoja. Mzee wa katikati, ambaye alikuwa akinunua maziwa kwa shangazi yangu kila asubuhi, akaniuliza babu yangu amezikwa wapi. Nikasema. Akaniuliza baba wa babu yangu. Nikasema sijui. Afisa akaandika.

Kilichoniokoa ni kibweta cha nyanya. Ndani yake, chini ya udi na hirizi kuukuu, mlikuwa na risiti ya kodi ya kichwa ya mwaka 1938, imekunjwa mara nne hata mikunjo imekuwa matundu. Jina la babu limeandikwa Salimu. Kwenye kitambulisho cha baba ni Salim. Kwa ile u moja nilirudishwa mara mbili. Kipande nilikipata baada ya miezi kumi na minne, na wakati huo nafasi ya chuo niliyopata ilikuwa imekwenda. Februari 2025 Rais Ruto alitangaza, akiwa kaskazini mashariki, kwamba msasa huo umefutwa. Nitaamini siku mwanangu atakapofika miaka 18.

Kwa hiyo niliposoma habari za Assam sikuzisoma kama habari za ng'ambo. Jimbo hilo lililo kaskazini mashariki ya India lilitengeneza daftari la raia. Kila mtu alitakiwa aonyeshe kwamba yeye au wazee wake walikuwamo jimboni kabla ya usiku wa manane wa tarehe 24 Machi 1971, vita vya kuzaliwa kwa Bangladesh vilipokaribia kulipuka. Watu kama milioni 33 waliomba. Tarehe 31 Agosti 2019 orodha ya mwisho ikatoka, na watu milioni 1.9 hawamo. Wengine waliachwa kwa sababu ya hati za majina kupishana tu: huku Salimu, huku Salim. Mwanamke aliyeolewa mtoto, hakusoma, hana cheti cha shule wala hati ya shamba, angejithibitisha kwa nini?

Kilichowashtua wakubwa ni kwamba kati ya waliokosekana walikuwamo Wahindu wengi, Wabengali. Miezi mitatu na nusu baadaye CAA ikapita. Amit Shah, Waziri wa Mambo ya Ndani, alikuwa ameueleza mpango huo hadharani mwaka huohuo, tena akiwaomba watu wauelewe mfuatano wake: kwanza sheria ya uraia, kisha daftari la nchi nzima. Waandamanaji walipojaa barabarani, Waziri Mkuu Modi akasema daftari la nchi nzima halijajadiliwa, na kweli mpaka leo halijafanywa. Serikali husema sheria hii haimnyang'anyi mtu uraia, inampa. Ukiisoma peke yake, ni kweli tupu. Lakini iweke kando ya daftari. Watu wawili majirani, wote wamekosa karatasi ya babu. Mmoja amefunguliwa mlango wa nyuma, mwenziwe ameachiwa kesi ya ugeni. Mlango mmoja wa nyuma kwa jirani mmoja ndio sheria yenyewe.

Na hata huo mlango wa nyuma una kizingiti cha ajabu. Yule Mhindu wa Assam aliyeapa mbele ya wakaguzi kwamba yeye ni Mhindi tangu kwa babu yake, ili aitumie CAA sharti sasa aape kwamba yeye ni mtu wa Bangladesh. Aonyeshe na ushahidi wake. Nani atakubali? Julai 2024 Himanta Biswa Sarma, anayeongoza serikali ya jimbo hilo, alisema walioomba Assam nzima ni watu 8. Kelele zote zile, watu wasiojaza hata matatu moja.

Assam penyewe waliipinga sheria kabla ya wengine wote, lakini kwa sababu iliyo kinyume na yangu. Wao hawataki mhamiaji yeyote, Mwislamu wala Mhindu. Wanaogopa lugha yao kumezwa na Kibengali. Wanaoandika juu ya maandamano ya Desemba 2019 kana kwamba nchi nzima ilikuwa na sauti moja hawakuwasikiliza watu wa Guwahati, jiji kubwa la Assam. Sauti niliyoipenda mimi ilitoka Delhi, mtaa wa Shaheen Bagh, ambako wanawake wa Kiislamu, wengi wao mabibi wazee waliokuwa hawajatoka hata kwenye mkutano wa shule, walikaa katikati ya barabara kuu na mablanketi yao katika baridi kali, kuanzia katikati ya Desemba hadi Machi 24, 2020 korona ilipowaondoa. Walisoma utangulizi wa Katiba kwa sauti. Mmoja wao, Bilkis, alikuwa na miaka 82. Februari, wakiwa bado wameketi, kaskazini mashariki ya jiji hilohilo watu 53 waliuawa katika ghasia, wengi wao Waislamu.

Wangeweza kuandika sentensi moja: anayeteswa kwa ajili ya dini yake katika nchi jirani, naye ameishi nasi miaka mitano, aombe uraia. Mhindu wa Sindh angeingia, Mkristo wa Lahore angeingia, na Ahmadi pia. Kenya tuliwafanyia hivyo Washona, ambao wazee wao walikuja kuhubiri dini kutoka Zimbabwe katika miaka ya 1960 na kuishi bila uraia zaidi ya nusu karne. Sheria yetu ya 2011 iliangalia miaka waliyoishi hapa, na 2021 watu 1,670 wakapewa vyeti. Tulichelewa mno, ila hakuna aliyeombwa barua ya kasisi.

Hayo ya Washona nilimwambia mzee wa leso nilipokwenda mara ya pili, kisutu kilikuwa hakijatosha. Akanisikiliza vizuri. Kisha akanihadithia ya kaka yake, ambaye mwaka 1968 alikuwa na pasipoti ya Uingereza mfukoni, halali, na Uingereza ikapitisha sheria kwa siku tatu: mwenye pasipoti hiyo haingii bila kibali ila awe na mzazi au babu wa kule. Haikutaja rangi wala dini. Ilitaja babu tu, na Wahindi wa Kenya babu zao hawakuzaliwa London. Kaka alisubiri kibali miaka minne.

"Basi mzee unaijua," nikamwambia.

"Naijua sana. Ndiyo maana nataka pawe na mahali pamoja ambapo Mhindu hataulizwa kitu."

Sikuwa na jibu la haraka. Nikamwonyesha kwa kidevu duka la ng'ambo ya barabara, la Bohora, mzee mwenye kofia yake nyeupe yenye ukingo wa dhahabu akipanga mapazia. Nikamuuliza: na huyo je, angeruhusiwa?

"Nani, huyo?" Akacheka, akaanza kufunga kisutu kwa gazeti. "Huyo ni wetu, mama. Babu yake na babu yangu wametoka mji mmoja. Jamnagar."