Karo ya chuo baada ya miaka 18: wajibu wa mzazi Kenya unakomea wapi?

Kijana akitimiza miaka 18 nchini Kenya, anapata mengi kwa siku moja. Anaweza kuchukua kitambulisho, kupiga kura, kutia saini mkataba, kuoa au kuolewa, na kukataa matibabu bila kuuliza nyumbani. Ibara ya 260 ya Katiba inamhesabu kuwa mtu mzima. Nayo Ibara ya 53, inayowataka baba na mama wabebe malezi kwa usawa, wawe wameoana au la, inamzungumzia mtoto. Mzazi anayesema siku hiyo kwamba amemaliza kazi yake ana pa kusimamia.

Lakini mlango haukufungwa kabisa. Kifungu cha 28 cha Sheria ya Watoto ya 2001 kiliiruhusu mahakama kuendeleza wajibu wa mzazi kupita miaka 18 pakiwa na "hali maalumu", na Sheria ya 2022 iliyochukua nafasi yake imebakiza njia hiyo. Ugomvi wote uko katika maneno hayo mawili. Ulemavu unaomfanya kijana ashindwe kujitegemea hauleti ubishi mkubwa. Masomo ya chuo ndiyo yanayovutaniwa.

Mzazi anayepinga ana hoja nzito. Mtu mzima huchagua kozi, mji wa kuishi na marafiki bila ruhusa ya yeyote, kisha bili inamfikia mtu asiye na kauli. Hata matokeo ya mtihani ni taarifa binafsi za mwanafunzi, na chuo hakilazimiki kumpa mlipaji. Tena mshahara huohuo huenda unawalisha wadogo zake ambao bado ni watoto mbele ya sheria. Hao hawastahili kusukumwa nyuma ya kaka yao wa miaka 22.

Upande wa pili unaanza na kalenda. Anayemaliza kidato cha nne akiwa na miaka 17 au 18 atasoma chuo karibu chote akiwa mtu mzima. Baba akijitoa, gharama haipotei. Humwangukia mzazi anayeishi na kijana, mara nyingi mama, naye hakushauriwa. Serikali yenyewe haimchukulii mwanafunzi huyu kama anayejitegemea: mfumo wa kugharamia vyuo vikuu ulioanzishwa 2023 ulipima mapato ya familia na kuiachia sehemu ya karo. Jambo la kushangaza zaidi liko katika Sheria ya Urithi. Kifungu cha 29 kinawataja watoto wa marehemu kuwa wategemezi, awe alikuwa akiwatunza kabla ya kufa au la, bila kuweka ukomo wa umri. Yaani kijana wa miaka 20 hutambuliwa kuwa mtegemezi moja kwa moja baba akifa, ila baba akiwa hai lazima athibitishe hali maalumu.

Sioni haja ya kusogeza umri wa kila mtu hadi 23 au 25. Hilo lingembebesha mzazi hata kijana aliyeajiriwa au aliyeacha masomo. Kinachofaa ni amri ya mahakama inayofuata kozi: cheti, diploma au shahada ya kwanza, kwa muda wake wa kawaida, ikome masomo yakikatika au ajira ikipatikana. Mlipaji naye apewe nakala ya matokeo kila muhula. Hilo ni sharti la haki kabisa, na linaweza kuombwa mahakamani.

Maombi mengi hudhoofika kwa maandalizi mabaya. Anayeomba anaweza kuwa kijana mwenyewe, mzazi au ndugu, na sheria ya 2001 ilikubali maombi kabla au baada ya siku ya kuzaliwa. Hata hivyo ni vizuri kuwasilisha miezi kadhaa kabla, amri ya zamani ya matunzo, kama ipo, ikiwa bado hai, ili malipo yasikatike katikati ya muhula. Ambatisha cheti cha kuzaliwa, amri iliyopo, barua ya kujiunga na chuo, jedwali la karo, jibu la mkopo wa HELB (bodi ya serikali ya mikopo ya elimu ya juu), na hati ya kiapo ya mapato na matumizi ya anayeomba. Kudai "shilingi 40,000 za matumizi" kwa jumla ni kujinyima: tenganisha karo, kodi ya chumba, chakula, nauli na vitabu. Pia omba karo ilipwe moja kwa moja kwenye akaunti ya chuo. Njia hiyo hupunguza madai kwamba pesa zimetumika kwingine, na risiti zinabaki.

Mlipaji asome maneno ya amri yake kabla ya kusimamisha chochote. Ikiandikwa "hadi amalize masomo", siku ya kuzaliwa haimwondolei deni. Ni lazima arudi kuomba ibadilishwe. Na malimbikizo ya kabla ya miaka 18 hubaki palepale hata kama kijana sasa ana kitambulisho mfukoni.