Eti nimebonyeza tu

Jana asubuhi mwenye duka la mikate hapa mtaani kwetu Altona, Hamburg, kanitumia meseji. Ile picha ya mikono yake imejaa unga, anaomba ruhusa aiweke dirishani, na nimwambie ni kiasi gani. Picha yenyewe nilimpa bure mwaka jana! Nimeisoma meseji mara tatu, halafu nikapandwa na hasira, na wala hazikuwa za kwake.

Zilikuwa za Tanga. Mwaka juzi nilirudi likizo, nikapiga harusi ya binamu yangu siku mbili nzima, kuanzia kupakwa hina. Mwezi haujaisha, picha moja iko kwenye bango la saluni, nyingine kwenye kalenda ya duka la vitenge. Kuuliza, nikajibiwa: "Kaka, wewe umebonyeza tu. Sura si zetu?"

Najua mnachotaka kusema. Kakaa Ulaya miaka tisa, keshaanza kutudharau. Subirini kwanza.

Mimi kazi hii sikuijulia Ujerumani. Nilikuwa na miaka kumi, nashinda kwenye studio moja ya picha Ngamiani, kule Tanga, yenye pazia lililochorwa ndege inaruka juu ya minazi. Sikukuu ya Idi foleni ilifika barabarani, watoto viatu vipya vinawabana. Nilikuwa nawapanga, nawafuta poda iliyozidi, nahesabu mkanda. Ni picha 36, basi. Ukifumba macho imekula kwako. Na kila picha ikishasafishwa, mzee aliigonga muhuri kwa nyuma, wino wa zambarau: jina la studio na tarehe. Sijawahi kusikia mteja akilalamika kwamba sura ni yake.

Kwa hiyo hili la jina msiniambie ni uzungu. Wala msiniambie sheria hatuna, maana Sheria ya Hakimiliki na Hakishiriki ipo tangu 1999, na picha zimo. Na yule atakayesema picha si kazi, ni mchezo wa vijana, amkumbuke Mohamed Amin, yule mpiga picha Mkenya. Alianza kushika kamera akiwa mtoto, kampuni yake ya picha, Camerapix, akaianzishia Dar es Salaam mwaka 1963, na picha za njaa ya Ethiopia mwaka 1984 zikaitikisa dunia. Naye alikuwa anabonyeza tu?

Hapa Ujerumani upigaji picha ni ufundi unaosomewa uanagenzi, kama ufundi bomba; wa picha ni miaka 3. Ukitaja bei, mteja analipa au anaondoka. Hakuna "nifanyie ya kindugu".

Lakini msidhani naringa. Kuna siku nachoka nao hawa Wajerumani. Inua kamera sokoni uone watu wanavyokugeuzia migongo. Mwaka 1898 wapiga picha wawili walipenya usiku kwenye chumba alicholazwa maiti Bismarck, kansela wao wa zamani, hapo Friedrichsruh, si mbali na hapa, wakampiga picha. Kashfa ile ikachangia kuzaa sheria ya 1907 inayompa mtu haki juu ya picha yake. Sheria nzuri, siipingi. Ila jioni nikirudi na kadi haina uso hata mmoja, nawakumbuka watoto wa Mkwakwani, Tanga: "Na mimi! Na mimi! Mjomba, hujanipiga mimi!" Uso wanakupa bure na meno yote nje. Ugomvi unaanza ukidai jina lako tu.

Wiki iliyopita kaka yangu kaniomba ile picha ya bibi akichambua mchele barazani, aiweke kwenye fulana za arobaini yake. Kwa bibi sidai hata senti, nisije nikasingiziwa. Nilichofanya ni kuandika jina langu kwenye kona ya chini kulia, herufi ndogo, rangi ya zambarau.

Leo kanitumia picha za fulana, zimetoka vizuri kweli. Bibi yupo, ungo upo, baraza ipo mpaka karibu na kona. Kona yenyewe kaikata.