Jumatano ya Waingereza

Tangu nihamie Leicester, siku inayonitia wivu ni Jumatano. Vyuo vikuu vingi vya Uingereza huacha mchana wa siku hiyo wazi kwa michezo: vipindi vinasimama, timu zinapanda basi kwenda kucheza na chuo jirani. Juzi niliingia kutazama mpira wa pete. Ukumbi wa joto, sakafu inang'aa, waamuzi wawili. Watazamaji? Tulikuwa sita, na mmoja alikuja kumsubiri binti yake.

Nikakumbuka Septemba 2018. Makerere ilikuwa mwenyeji wa mashindano ya dunia ya mpira wa pete ya vyuo vikuu, na mabinti zetu wa Uganda wakabeba dhahabu. Mabingwa wa dunia, jamani! Dada yangu alinipigia simu kutoka Kampala, sikusikia neno hata moja ila vigelegele. Kazini walidhani nimeshinda bahati nasibu.

Kwa hiyo msiniambie Uganda hatuna vipaji au mapenzi. Peace Proscovia alitoka kwetu akaja kufunga mabao Loughborough, hapo tu kwa treni, kwenye timu yenye makao chuoni. Akafuata Mary Nuba Cholhok, na klabu ikatwaa ubingwa wa ligi 2021 na 2023. Waingereza hawakuwafundisha kulenga pete. Waliwapa ukumbi, daktari wa misuli na ratiba.

Ratiba ya kwetu ndiyo inayonikera. Nilipokuwa nasoma, mwalimu alinisimamisha mbele ya darasa kwa kurudi na vumbi miguuni: "Mpira utakupeleka wapi?" Darasa lote likacheka. Walionicheka ndio waliokuja kupiga kelele uwanjani tulipocheza na shule jirani, lakini hayo tuyaache.

Wala huku si peponi. Mwanafunzi hulipa ada ya klabu kutoka mfukoni mwake. Kwetu mtoto wa maskini anaweza kusoma kwa basari ya mpira hadi amalize, nami nawajua waliotoka Bombo, mji ulio kaskazini mwa Kampala, kwa njia hiyo. Hilo nalisifu bila kusita.

Jana nikampigia mdogo wangu, yuko mwaka wa pili chuoni kule nyumbani na anacheza ulinzi.

"Jumatano mchana una nini?"

"Takwimu, dada, mpaka saa kumi na moja."

"Na mazoezi?"

"Saa kumi na mbili asubuhi. Tunateleza kwenye umande."