Albamu za The Clash kwa masikio ya pwani: ipi ya mwisho, ipi ya kwanza

Kundi la The Clash la London lilitoa albamu sita tu za studio kati ya 1977 na 1985, na anayekaa kuzipanga kutoka mbovu hadi bora hukuta ncha mbili zimekwisha kupangwa: karibu kila mtu huiweka Cut the Crap mkiani, na walio wengi huipa London Calling kichwa. Ugomvi wote umo katikati, na chanzo chake ni kwamba watu hawatumii kipimo kimoja. Wapo wanaolipima kundi hili kwa panki roki yenyewe, yaani kasi, hasira, ufupi wa wimbo na dharau kwa ufundi unaojionyesha. Wapo pia waliolifikia kwa mlango wa rege, na hapa Mombasa, kwa wachache wanaolisikiliza, mlango wa pili ndio unaotumiwa zaidi. Msikilizaji wa rege aliyekulia kwenye matatu za Kongowea na Likoni anaweza kuwa na "Police and Thieves" ya Mjamaika Junior Murvin kichwani kwa miaka mingi kabla hajajua kwamba kulikuwa na Waingereza wanne walioirudia kwa magitaa ya kelele. Mimi ni wa mlango huo wa pili, ila sidhani kwamba wa mlango wa kwanza hawana hoja, na katika nafasi moja au mbili hoja yao imenishinda.

Nafasi ya sita haihitaji maneno mengi. Ilipotoka Cut the Crap mwaka 1985, mpiga dramu Topper Headon alikuwa ameondolewa tangu 1982, naye Mick Jones, mpiga gitaa aliyetunga nyingi kati ya tuni za kundi, alikuwa amefukuzwa 1983. Meneja wao, Bernie Rhodes, aliingia studio akajifanya mtayarishaji, akazipachika nyimbo mashine ya kupigia ngoma pamoja na kwaya za wanaume zinazopayuka kama mashabiki wa mpira. Watetezi wake husema kwamba chini ya takataka hizo kuna nyimbo nzuri, na kwa "This Is England" wanasema kweli, kwani ule ni wimbo wa huzuni ya nchi iliyochoka, na mwimbaji wa kundi, Joe Strummer, anauimba kama mtu anayejua kwamba mambo yamekwisha. Hata hivyo wimbo mmoja haubebi albamu. Mwaka 2013 zilipokusanywa kazi za kundi katika sanduku moja lililoitwa Sound System, albamu hii iliachwa nje, na malalamiko yaliyosikika hayakuwa mengi.

Nafasi ya tano naipa Give 'Em Enough Rope ya 1978, na hapa tayari nagombana na wenye panki yao, ambao wengi huiweka juu zaidi kwa kuwa ni albamu ya magitaa mwanzo hadi mwisho. Mtayarishaji wake alikuwa Mmarekani Sandy Pearlman, aliyekuwa amefanya kazi na kundi la roki nzito la Blue Öyster Cult, na alichofanya ni kuinyoosha sauti ya kundi mpaka ikafanana na roki ya viwanja vikubwa. Magitaa ni manene, dramu ziko mbele, na sauti ya Strummer imefunikwa kiasi kwamba maneno, ambayo ndiyo roho ya kundi hili, inabidi yatafutwe. Rege aliyoileta mpiga besi Paul Simonon kutoka Brixton, mtaa wa London wenye wahamiaji wengi wa Karibi, karibu yote imefagiliwa nje.

Albamu hiyo lakini inafunguliwa na wimbo ambao mtu wa pwani anauelewa pengine kuliko Mwingereza. "Safe European Home" unasimulia safari ya Strummer na Jones kwenda Jamaika, nchi ya muziki waliouabudu, ambako walifika wakaogopa, na muda mwingi wakawa hotelini. Nani Mombasa hajamwona mgeni huyo? Amesafiri maelfu ya kilomita kuja kuiona pwani, kisha wiki nzima hatoki nje ya geti la hoteli, na akitoka hutoka ndani ya gari la watalii lenye vioo vilivyofungwa. Tofauti ni kwamba Strummer na Jones walijicheka hadharani. Hawakuilaumu Kingston, waliulaumu woga wao na ujinga wa kudhani kwamba kuupenda muziki wa watu ni sawa na kuwajua watu wenyewe. Kwa wimbo huo peke yake ningeweza kuipandisha albamu ngazi moja, lau nyimbo zinazofuata, ukiacha "Tommy Gun" na "Stay Free", zingekuwa na ukweli wa namna hiyo.

Combat Rock ya 1982 naiweka ya nne. Ndiyo iliyouza sana, hasa Marekani, ambako ilifika nafasi ya saba, na ndiyo ambayo hata asiyelijua kundi hili ameisikia bila kujua, kwa sababu "Should I Stay or Should I Go" ulirudi 1991 kwa msaada wa tangazo la suruali za Levi's ukashika namba moja Uingereza. Hoja ya kuipandisha ni nzito, kwani ina nyimbo tatu ambazo kundi lolote lingetamani kuwa nazo. Hoja ya kuishusha ni kwamba baada ya hizo tatu ni vipande vya nyimbo, maneno yaliyosomwa juu ya mdundo, na upande wa pili unaoburuta miguu. Jones alitaka iwe albamu mbili. Mhandisi Glyn Johns akaitwa aikate, akaikata, na makovu ya mkasi yanasikika.

"Rock the Casbah" unastahili kutazamwa kwa karibu, kwa kuwa hapa kwetu hausikilizwi kama unavyosikilizwa London. Muziki wake aliutunga Headon, akarekodi mwenyewe piano, besi na dramu, na albamu ilipotoka alikuwa anaondolewa kundini kwa sababu ya heroini. Mombasa hatuhitaji kuelezwa unga humfanya nini kijana mwenye kipaji. Maneno ni ya Strummer, nayo ni kejeli kwa watawala wanaopiga marufuku muziki kisha wanawatuma marubani wakawashambulie wanaokaidi. Upande mmoja unasema kejeli hiyo inawalenga wenye madaraka wala si waumini, na nakubali kwamba hiyo ndiyo iliyokuwa nia. Upande wa pili unasema kwamba picha yenyewe imechorwa na mtu aliyeutazama ulimwengu wa Kiislamu kupitia katuni: sharifu, jangwa na ngamia vimetupwa chungu kimoja. Katika mji ambao sharifu ni mzee wa mtaa anayepewa mkono kwa heshima, na ambao dereva wa matatu hupunguza redio mwenyewe adhana inaposikika, bila kutumwa na mfalme yeyote, wimbo huo unachekesha kidogo kuliko ulivyokusudiwa. Mwaka 1991 ulipigwa katika redio ya wanajeshi wa Marekani wakati wa vita vya Ghuba, kinyume kabisa na msimamo wa Strummer, lakini wimbo uliojengwa kwa katuni ni mwepesi wa kutekwa na mtu mwingine. "Straight to Hell" hautekeki hivyo. Humo wamo wafanyakazi wa viwanda vya chuma vilivyofungwa Uingereza, na watoto walioachwa Vietnam na askari wa Marekani. Katika mji wa bandari ambako manowari za Kimarekani zimetia nanga mara nyingi, ubeti huo wa pili haupiti hivihivi. Mwimbaji wa Uingereza M.I.A. aliuchukua mdundo wake kwa "Paper Planes" mwaka 2007, na vijana wengi waliocheza wimbo huo hawakujua wanacheza juu ya kilio cha nani.

Sasa tufike penye shughuli, yaani Sandinista! ya Desemba 1980. Santuri tatu, nyimbo 36, sita kila upande, zaidi ya saa mbili za muziki. Jina lilitokana na wapiganaji waliomwangusha dikteta Somoza kule Nikaragua mwaka 1979, na ili santuri tatu ziuzwe kwa bei ya chini, kundi lilikubali kuachia mrabaha wa nakala 200,000 za mwanzo. Shauri la wapinzani linajulikana: chukua nyimbo kumi na mbili bora, tupa zilizobaki, utapata albamu bora kuliko zote. Sio shauri la kipuuzi. "Mensforth Hill" si wimbo bali ni "Something About England" uliochezwa kinyumenyume. Upande wa sita umejaa marudio ya dabu, yaani nyimbo zilizochanganywa upya kwa mtindo wa rege huku sauti nyingi zikiondolewa, na "Career Opportunities", wimbo wa hasira wa 1977 kuhusu kazi duni, umeimbwa upya na watoto wadogo, jambo linalochekesha mara moja na kuudhi mara ya pili.

Watetezi hujibu kwamba ziada hiyo ndiyo maana yenyewe. Nimezisikia hoja hizi zikitetewa barazani na mpenzi wa taarabu, aliyeuliza tangu lini urefu ukawa kosa, ilhali wimbo wa taarabu ya kisasa huweza kupita robo saa na bado watu wakatunza. Hoja yake ni tamu, ila ina tundu. Taarabu hurefuka kwa sababu ubeti unajibu ubeti na fumbo linafunguka polepole. Anayekata katikati hupoteza kisa. Sandinista! haifunguki polepole. Inarundika. Msikilizaji akiruka nyimbo nne hapotezi kisa chochote, na mara nyingine anapata nafuu.

Kwa nini basi naiweka ya tatu, juu ya Combat Rock, wakati wapangaji wengi huishusha? Kwa sababu ndani ya rundo lile mna kitu ambacho kundi la panki halikupaswa kuweza. "The Magnificent Seven" ulirekodiwa New York mwaka 1980, wakati rapu ilikuwa bado changa, na weupe hawa wa London waliifokafoka kuhusu siku ya mfanyakazi anayeamshwa na saa na kukimbizwa na mwajiri, juu ya besi inayokwenda bila kuchoka. "Washington Bullets" unaitaja Chile na Kuba, lakini hauishii kuilaumu Marekani. Unageuka kuwauliza Warusi kuhusu Afghanistan na Wachina kuhusu Tibet, kisha unaigeukia Uingereza yenyewe. Muhimu kuliko yote kwa masikio yangu, Mikey Dread, mtangazaji na mtayarishaji kutoka Jamaika, yumo studio pamoja nao, na rege ya albamu hii haisikiki tena kama ya wageni waliojifungia hotelini. "One More Time" ungeweza kupigwa kwenye matatu ya Likoni usiku na abiria asigeuze shingo.

Zimebaki mbili, na hapa wenye panki wana haki ya kusikilizwa. Albamu ya kwanza, The Clash, ilirekodiwa Februari 1977 kwa vikao vya wikendi tatu, ikatoka Aprili, nyimbo 14 zisizofika dakika arobaini kwa jumla. Kampuni ya Marekani iliiona haifai kwa soko lake na ikakaa hadi 1979, ilipotoa toleo lililoondolewa baadhi ya nyimbo na kuongezwa nyingine, ikiwemo "(White Man) In Hammersmith Palais", ambao pengine ndio wimbo bora kuliko yote waliyoandika. Wapo wanaolipima toleo hilo la Marekani na kulipa namba moja. Mimi napima la Uingereza kwa kuwa ndilo walilolitengeneza wao. La Marekani ni mkusanyiko uliopangwa na ofisi, hata kama ni mkusanyiko mtamu.

Nguvu ya albamu hiyo ni kwamba hakuna kinachosubiri. Nyimbo nyingi hazifiki dakika tatu. Halafu, katikati ya haraka hiyo, wanasimama dakika sita kwa ajili ya "Police and Thieves" ya Murvin. Hawaipigi kama Wajamaika wala hawajaribu. Gitaa la Jones linakata pale ambapo la Murvin lingeteleza, na Strummer hana sauti nyembamba ya mwenye wimbo. Msikilizaji wa rege atasema wameiharibu. Nadhani wameitendea haki kwa kutojifanya wanaijua zaidi ya walivyoijua. Simonon alikuwa na mwaka mmoja tu tangu ashike besi kwa mara ya kwanza, na inasikika.

London Calling, iliyotoka Desemba 1979, ndiyo ninayoiweka ya kwanza, kwani ndiyo inayoonyesha walichojifunza baada ya hapo. Jina linatokana na wito wa watangazaji wa BBC, ambao wazee wetu waliozoea kutegea Idhaa ya Kiswahili hawahitaji kufafanuliwa. Mtayarishaji Guy Stevens alirusha viti studio ili wanamuziki wasistarehe. Katika "Wrong 'Em Boyo" wanaanza kuimba kisa cha Stagger Lee, muuaji wa nyimbo za kale za Marekani, kwa mwendo wa polepole, wanakatiza ghafla, kisha wanaanza upya kwa ska, mdundo wa Jamaika uliotangulia rege, nawe unawasikia wakifurahia kosa la kupangwa. Santuri mbili, nyimbo 19, bei ya santuri moja, na zinazolegea, kama "Lover's Rock", ni chache mno kwa kazi ya urefu huo.

Pingamizi la wenye panki ni kwamba hasira ya 1977 humu imevalishwa nguo safi: ala za kupuliza, piano, mapigo ya jazi, mpaka yakapotea makali yaliyolifanya kundi liwe na maana. Kwa "Lost in the Supermarket" huenda wana haki kidogo. Kwa "The Guns of Brixton" hawana. Huo ndio wimbo wa Simonon, yule aliyekuwa hajui besi mwaka 1976, na umejengwa juu ya mstari wa besi wa rege mzito kiasi kwamba mwaka 1990 kundi la dansi la Beats International liliuazima likapata namba moja Uingereza. Unamuuliza kijana wa Brixton atatoka vipi polisi wakivunja mlango wake. Ghasia za Brixton zilizuka Aprili 1981, mwaka na zaidi baada ya albamu kuwa madukani, na anayesema kwamba kufikia London Calling kundi hili lilikuwa limepoa, aanze kwa kuueleza wimbo huo.