Jengo Likiwa Mikononi mwa Mafundi

Wachoraji wa Ulaya wa enzi ya Ulimbwende (Romanticism), mkondo wa sanaa uliotukuza hisia, kuanzia miongo ya mwisho ya karne ya 18, walipenda magofu kupita kiasi: kuta zilizobomoka, mimea iliyotambaa juu ya matao, mbalamwezi. Mimi nikiambiwa nichague, nitayaacha yote hayo nichukue karatasi moja ya chaki inayoonyesha jengo linalokarabatiwa, miti ya jukwaa ikiwa imefungwa kwa kamba na mafundi wakiwa juu yake.

Chaki inaifaa kazi hiyo kuliko rangi ya mafuta. Ile nyeusi ya wakati huo ilichimbwa ardhini, mwamba laini wenye kaboni, na nyeupe ni ndugu wa jiwe ambalo waashi hulichoma wapate chokaa. Kwa hiyo mchoraji anapopitisha chaki nyeupe juu ya karatasi ya kijivu, kuonyesha ukingo wa tofali la jiwe lililopigwa na jua, ni kama anachora jiwe kwa jiwe. Mkono wa shati ukiteleza hapo, ukuta mzima hugeuka ukungu. Nimeharibu karatasi nyingi kwa namna hiyo.

Kazi ambayo ningependa kuiona ikichorwa hivyo ni ukarabati wa Tao la Titus, lango la ushindi la Warumi wa kale mjini Roma. Katika Zama za Kati tao hilo lilimezwa na ngome ya ukoo wa Frangipani, na kuta za ngome zilipoondolewa likabaki bila egemeo. Msanifu majengo Raffaele Stern alianza kulitengeneza, na alipofariki mwaka 1820 kazi ikamwangukia msanifu mwingine, Giuseppe Valadier. Tao lilifumuliwa likajengwa upya, na palipokosekana marumaru ya kale pakatiwa jiwe la travatini, huku nguzo mpya za pembeni zikiachwa laini, bila mifuo ya wima iliyochongwa kwenye nguzo za zamani, ili mtazamaji asidanganywe.

Mwandishi wa Kifaransa Stendhal alinung'unika kwamba Roma imebakiwa na nakala tu ya tao. Siafikiani naye, kwa kuwa nakala huficha mkono wa fundi, na pale mkono huo umeachwa wazi. Mchoraji wa chaki angeuelewa haraka: nguzo za kale zingemtaka akandamize mstari baada ya mstari, kivuli ndani ya kila mfuo, na zile mpya zingemtosha kwa mistari miwili mepesi, katikati karatasi tupu.