Boneti Isiyokaa Juu
Inaniudhi mno kuona boneti ya gari zima ikiegemezwa kwa kipande cha fimbo, eti kwa sababu shokapu zake za gesi, zile nguzo nyembamba zinazoishikilia ikiwa wazi, zimechoka na hakuna aliyejali kuzibadilisha. Ndani ya shokapu hizo mna nitrojeni iliyoshindiliwa kwa mgandamizo mkubwa. Mpira wa kuzibia ukishalika, gesi huvuja kidogo kidogo, na mara nyingine utaona mafuta yameloanisha chuma chake kinachong'aa. Kazi yenyewe ni nyepesi: boneti hushikiliwa imara, vibanio vya ncha huchokonolewa kwa bisibisi ndogo, kisha shokapu mpya hubanwa mahali pake, na ni vyema zibadilishwe zote mbili. Fundi anayerudisha gari bila hata kumwambia mwenye gari kwamba shokapu zimechoka, huku akijua kuna mtu atainama kukagua oili, ananikera zaidi.