Anayesema "kazi ya Mungu" hajakunja mikono

Tope lilipoteremka kutoka Mlima Hanang Desemba 2023 na kufukia sehemu ya mji wa Katesh, watu zaidi ya 80 walipoteza maisha. Hapa Bagamoyo, mbali kabisa na Manyara, mazungumzo ya barazani yalishika njia yake ya siku zote: binadamu si kitu, unalala na wanao, kunapambazuka huna hata ukuta, ni kazi ya Mungu. Dua ikasomwa. Upande wa pili ukajibu kwa hasira. Vijana wanaofuatilia mambo ya mazingira walisema kauli hiyo ndiyo inayotuua, kwa sababu inamfunika aliyeacha watu wajenge kwenye mkondo wa maji na aliyekata mikoko ufukweni.

Hoja yao ni nzito, na ushahidi wao mkubwa ni tsunami ya Desemba 26, 2004. Tetemeko lilitokea karibu na Sumatra kabla ya saa kumi alfajiri kwa saa zetu, na mawimbi yakafika pwani ya Tanzania mchana. Hapo katikati kulikuwa na muda wa takriban saa nane. Hata hivyo watu wapatao 10 walikufa nchini, wengi wao wakiogelea Dar es Salaam siku moja baada ya Krismasi.

Nimeikalia hesabu hii muda mrefu, maana saa nane si mchezo. Kwa saa nane mtu anatembea kwa miguu kutoka Bagamoyo hadi mbali sana na bahari. Lakini tuitazame na Kenya. Kule Mombasa watu waliondolewa ufukweni, na nchi nzima akafa mtu mmoja. Sasa, watu wa Mombasa wanasali kama sisi, wanazika kama sisi, na inshallah haiwatoki mdomoni. Kama kuamini kadari ndiko kulikoua Dar es Salaam, kwa nini hakukuua Mombasa? Tofauti ilikuwa kwamba kule kuna mtu alikwenda ufukweni akawaambia watu watoke. Waogeleaji wetu hawakukataa tahadhari kwa sababu ya imani; hakuna aliyewafikia. Mfumo wa tahadhari wa Bahari ya Hindi wenyewe ulijengwa baadaye.

Kimbunga Hidaya kilipokaribia, Mei 2024, Mamlaka ya Hali ya Hewa ilitangaza mapema. Pale soko la samaki nilimsikia nahodha mmoja wa makamo akisomewa tangazo kwenye simu ya kijana wake. Akasema, "Mjuzi ni Mungu." Huku anasema hivyo ameshashika kamba. Foromali, ile miti inayobeba tanga, zikashushwa, ngalawa zikaburutwa mpaka juu ya pale yanapofika maji ya bamvua, yale makubwa kuliko yote, na injini ikabebwa begani kupelekwa nyumbani. Ungeyasikia maneno yake tu, ungemwandika kuwa amekata tamaa.

Mtu anayejua kwamba uhai ni wa kuazima hujiandaa kwa namna ambazo wataalamu hawazihesabu. Kabla ya kuingia baharini anamwambia mkewe nani anamdai na yeye anamdai nani. Wasia wake unajulikana. Mwenzake akifiwa anachanga bila kuitwa. Mji huu ulipigwa na kimbunga Aprili 1872, kilekile kilichong'oa mikarafuu ya Unguja. Majengo ya misheni iliyoanza hapa mwaka 1868 yakaharibiwa, na kazi ikaanza upya. Waliojenga tena walikuwa watu wa kusali.

Kuna mahali ninapokubaliana na wakosoaji moja kwa moja. "Kazi ya Mungu" ikitoka kwa mfiwa ni subira. Ikitoka kwa mwenye dhamana, aliyepitisha ramani au aliyeacha mtaro uzibe, huko ni kujificha nyuma ya jina la Mungu, na asikubaliwe. Kosa la wakosoaji ni kuwapiga wote wawili kwa fimbo moja. Ukimsuta mzee mbele ya watu kwa ajili ya imani yake, kesho hatalisikiliza tangazo lako hata likiwa la kweli. Lakini tangazo hilohilo likisomwa na imamu baada ya sala, au na kiongozi wa BMU, kikundi cha wavuvi cha kusimamia ufukwe, anayemjua kwa jina, litamfika.

Na bado kuna njaa. Siku za Hidaya, waliotii walishinda nchi kavu bila kipato, na deni la mafuta na barafu halikungoja kimbunga kipite. Halmashauri hukusanya ushuru wa samaki sokoni. Sehemu yake, hata ndogo, itengwe na kukabidhiwa BMU, ili siku bahari inapofungwa kwa tahadhari kila baharia apate unga na mchele wa nyumbani kwake. Hilo lijadiliwe kabla ya masika yajayo.